Klabu, timu ya nyumbani au nyumba ya mpito: kuchagua huduma ya utengamao kwa anayepona ugonjwa wa akili

Dawa zikianza kufanya kazi, sauti zikapungua na daktari akamruhusu mgonjwa kutoka wodini, familia nyingi huhesabu kwamba kilichobaki ni kungoja. Kumbe sehemu ngumu ndiyo kwanza inaanza. Katika skizofrenia hasa, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo na kushikilia imani zisizo za kweli, dawa hutuliza sauti na imani potofu vizuri kuliko zinavyorudisha ari, kumbukumbu na uwezo wa kuipanga siku, na ndiyo maana mtu anaweza kuonekana ametulia kabisa mbele ya daktari huku nyumbani akishindwa kuoga, kupika au kukaa na wageni kwa nusu saa. Huduma za utengamao katika jamii zipo kwa ajili ya pengo hilo. Hazichukui nafasi ya dawa wala ya kliniki. Zinashughulika na kazi, makazi, marafiki na mambo ya kila siku ambayo ugonjwa huyavuruga na ambayo hospitali haiwezi kuyatengeneza ikiwa ndani ya kuta zake.

Ushahidi kwamba pengo hilo linaweza kuzibwa si wa jana. Wagonjwa wa muda mrefu wa hospitali ya jimbo la Vermont, Marekani, walioruhusiwa katika miaka ya 1950 chini ya mpango wa utengamao uliowapa makazi, kazi na watu wa kuwafuatilia, walitafutwa tena baada ya takribani miaka 32. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1987 yalionyesha kwamba kati ya nusu na theluthi mbili yao walikuwa wamepona au wamepata nafuu kubwa. Watafiti waliwalinganisha baadaye na wagonjwa wa aina hiyohiyo katika jimbo la Maine, ambako mpango kama huo haukuwapo, wakakuta kwamba wale wa Vermont walifanya kazi zaidi, walikuwa na dalili chache na walijimudu vizuri zaidi. Ulinganisho wa namna hiyo hauwezi kuthibitisha kila kitu, kwa kuwa majimbo mawili hutofautiana kwa mengi, lakini unatosha kumfanya mtu aache kungoja tu.

Ugumu wa kuchagua unatokana na kwamba huduma zinazotofautiana sana hutangazwa kwa maneno yaleyale: kumwezesha mtu, kumrudisha katika jamii, kumpa matumaini. Katika ulinganisho huu ninatumia kipimo kimoja. Huduma ichaguliwe kwa kuangalia mtu amekwama wapi sasa hivi. Na pale ambapo huduma mbili zinaelekea kulingana, ipewe nafasi ile inayomsaidia mahali hasa atakapoishi na kufanya kazi, kabla ya ile inayomwandaa kwanza mahali pengine kwa ajili ya maisha ya baadaye.

Klabu, au timu inayomfuata mtu alipo

Huduma hizi mbili zinafaa kuwekwa pamoja kwa sababu zinasimama pande mbili za swali moja: je, mtu anaweza kufika kwenye huduma, au huduma ndiyo impelekewe?

Klabu ilianzia New York, ambako Fountain House ilianzishwa mwaka 1948 na watu waliokuwa wagonjwa katika hospitali ya akili na waliotaka mahali pa kukutania baada ya kutoka. Anayejiunga huitwa mwanachama, wala si mgonjwa, na uanachama wake hauna kikomo cha muda. Hakuna tiba inayotolewa humo. Siku hupangwa kama siku ya kazi, na wanachama na wafanyakazi hushirikiana kuiendesha nyumba yenyewe: kupika, kupokea simu, kuandika taarifa, kusafisha, kumtafuta mwanachama ambaye hajaonekana. Wafanyakazi huwekwa wachache kwa makusudi, ili kazi isiweze kufanyika bila wanachama. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini ndilo kiini cha huduma yote, kwani mtu aliyezoea kuhudumiwa kwa miaka mingi anapata mahali ambapo akikosekana, kuna kazi inayolala.

Timu inayomfuata mtu ilizaliwa Madison, Wisconsin, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Leonard Stein, Mary Ann Test na Arnold Marx waliona kwamba ujuzi ambao wagonjwa waliupata wodini ulipotea mara walipotoka, wakaamua kuwahamishia wafanyakazi wa wodi mitaani. Katika mfumo huo, daktari, muuguzi, afisa ustawi wa jamii na wengine huwa timu moja, mfanyakazi mmoja huhesabiwa kwa watu wapatao 10, na timu hupatikana usiku na mchana. Ikiwa tatizo ni kupika, wanapika pamoja na mhusika katika jiko lake mwenyewe. Ikiwa ni mwenye nyumba anayetaka kumfukuza, wanaenda kuzungumza naye.

Tofauti kubwa kati ya huduma hizi iko kwa mtu ambaye haji. Klabu hutegemea hiari ya mtu kuingia mlangoni, hata kama wenzake watampigia simu kumkumbusha, ilhali timu imeundwa hasa kwa ajili ya yule anayekosa miadi, anayeacha dawa, anayelazwa mara kwa mara au asiye na makazi. Kwa mtu wa namna hiyo, kumwandikisha klabu na kungoja aende ni kupoteza miezi. Kwa upande wa pili, timu haiwezi kumpa mtu marafiki. Yule aliyetulia, anayekunywa dawa zake bila kusukumwa, lakini ambaye simu yake haiiti wiki nzima, hahitaji wataalamu watano wa kumtembelea. Anahitaji watu wanaomngoja.

Timu yenyewe isichukuliwe kuwa dawa ya kila mahali. Majaribio ya Marekani yalionyesha kwamba inapunguza siku za kulazwa, lakini jaribio lililofanywa London na kuchapishwa mwaka 2006 halikukuta tofauti hiyo, ingawa watu waliohudumiwa na timu waliridhika zaidi na hawakuipotelea huduma kwa urahisi. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba huduma za kawaida za jamii London zilikuwa tayari zinafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Kwa mwenye kuchagua, maana yake ni hii: pale ambapo kliniki ya kawaida ina muuguzi anayetembelea nyumba kwa uhakika, faida ya kutafuta timu maalumu inaweza kuwa ndogo, pale ambapo hakuna kabisa anayetembelea, faida ni kubwa.

Matokeo ya awali ya Madison yana jambo jingine ambalo husahaulika. Mpango ulipokoma baada ya miezi 14 na watu wakarudishwa kwenye huduma za kawaida, sehemu kubwa ya faida waliyoipata ilipotea. Kwa sababu hiyo ninaiangalia kwa mashaka huduma yoyote inayojisifu kwamba "inamaliza" kazi na mtu kwa miezi sita.

Kazi: karakana, nafasi ya mpito, au ajira ya kawaida

Hapa ndipo uchaguzi una uzito zaidi, kwa kuwa kazi huleta kipato, ratiba na heshima kwa pamoja, na kwa kuwa tofauti kati ya huduma zinazotolewa imepimwa vizuri kuliko popote pengine katika fani hii.

Njia ya zamani ni karakana ya wenye ugonjwa pekee, ambamo watu hukunja bahasha, hufuma vikapu au hushona chini ya usimamizi, kwa malipo madogo au bila malipo, kwa matumaini kwamba siku moja watakuwa tayari kwa kazi ya kawaida. Karakana humpa mtu pa kwenda asubuhi, na hilo si la kudharauliwa. Udhaifu wake ni kwamba siku hiyo ya kuwa tayari huwa haifiki. Mtu hujifunza kuwa mzuri katika karakana, naye hubaki humo.

Nafasi ya mpito, inayotolewa na klabu, inakwenda hatua moja mbele. Kazi ni ya kweli katika ofisi au kampuni ya kawaida, malipo ni yale anayolipwa mtu mwingine yeyote, lakini nafasi yenyewe ni ya klabu: mwanachama huishika kwa muda wa miezi sita hadi tisa hivi, kwa saa chache kwa wiki, na siku anaposhindwa kwenda, mfanyakazi wa klabu au mwanachama mwingine huenda badala yake. Kwa mtu ambaye hajawahi kuajiriwa, au ambaye hofu ya kushindwa imemlemea, mpango huo una hekima. Anajijaribu bila mwajiri kupata hasara na bila yeye kufukuzwa.

Njia ya tatu inaanza kinyume cha zote mbili. Katika ajira yenye usaidizi, ambayo Deborah Becker na Robert Drake waliiandika na kuisambaza kutoka New Hampshire, Marekani, katika miaka ya 1990, mtu hatahiniwi kwanza kama yuko tayari. Akisema anataka kufanya kazi, inatosha. Mtaalamu wa ajira, anayekaa katika timu moja na wanaomtibu, huanza kutafuta kazi pamoja naye ndani ya wiki chache, kazi ya kawaida inayolingana na anachokipenda, kisha huendelea kumsaidia akiwa tayari ameajiriwa, bila tarehe ya mwisho iliyowekwa mapema. Anayesikia sauti bado hazuiliwi. Aliyelazwa mwezi uliopita pia hazuiliwi.

Wengi husita hapo, na woga wao unaeleweka: je, shinikizo la kazi halitamrudisha hospitali? Jaribio lililofanywa katika vituo sita vya Ulaya, kikiwemo cha London na cha Sofia, likihusisha watu 312 na kuchapishwa mwaka 2007, lilijibu swali hilo moja kwa moja. Kati ya waliopewa huduma ya ajira yenye usaidizi, asilimia 55 walifanikiwa kufanya kazi, ikilinganishwa na asilimia 28 ya waliopitia mafunzo kwanza. Na waliolazwa tena walikuwa wachache zaidi katika kundi hilo la kwanza. Kwa maneno mengine, kumchelewesha mtu "mpaka apone vizuri" hakukumkinga na chochote.

Pamoja na hayo, njia hii ina masharti ambayo matangazo hayayataji. Inahitaji waajiri. Mahali ambapo watu wengi hujitafutia riziki wenyewe kwa kilimo, uvuvi au biashara ndogo, mtaalamu wa ajira hana mlango wa kubisha, na msaada unaofaa ni mtaji mdogo, mwenza wa biashara na mtu wa kufuatilia hesabu. Vilevile kazi nyingi zinazopatikana ni za muda mfupi au za saa chache, na kuzipoteza ni jambo la kawaida. Huduma nzuri hutambulika kwa namna inavyomsaidia mtu kutafuta ya pili. Na pale ambapo mtu hupokea ruzuku ya serikali kwa sababu ya ugonjwa, lazima kwanza apate ushauri ulio wazi kuhusu kitakachotokea kwa ruzuku hiyo akianza kulipwa mshahara.

Kati ya karakana na soko la ajira kuna kitu cha kati ambacho ningependa kingejulikana zaidi, nacho ni ushirika wa kijamii. Mjini Trieste, Italia, daktari wa akili Franco Basaglia na wenzake walisaidia kuanzisha ushirika mwaka 1972 ili wagonjwa waliokuwa wakiifanyia hospitali kazi walipwe mshahara kamili kama wafanyakazi wengine. Sheria ya Italia ya mwaka 1991 ilizipa shirika za namna hiyo hadhi yake, kwa sharti kwamba walau asilimia 30 ya wafanyakazi wake wawe watu wenye vikwazo vya kupata kazi, kama vile ugonjwa wa akili. Waliobaki ni wafanyakazi wa kawaida, na ushirika huuza huduma yake sokoni kama biashara nyingine. Mtu hutoka na jina la mfanyakazi.

Makazi: kupanda ngazi, au kupewa ufunguo

Nyumba ya mpito ina wafanyakazi, kanuni na wakazi wengine wanaopona. Mtu huanzia kwenye nyumba yenye uangalizi wa saa 24, huhamia yenye uangalizi mdogo, na mwishoni hupata chumba chake. Mpangilio huo unamfaa anayetoka kwenye kulazwa kwa miaka, ambaye hajawahi kuishi peke yake, au ambaye anahitaji kukumbushwa dawa kila siku. Hasara yake ni kwamba kila akipiga hatua anahama, anapoteza majirani na wafanyakazi aliowazoea, na anayevunja kanuni, kwa mfano kwa kunywa pombe, mara nyingi hurudishwa mtaani.

Mfumo wa makazi kwanza, ulioanzishwa New York mwaka 1992 na Sam Tsemberis, humpa mtu asiye na makazi nyumba ya kupanga yenye mkataba wa kawaida tangu mwanzo, bila kumtaka kwanza aache pombe au akubali dawa, kisha timu humtembelea hapo. Jaribio kubwa la Kanada katika miji mitano, lililohusisha watu zaidi ya 2,000, lilithibitisha kwamba watu hao hubaki kwenye nyumba zao kwa muda mrefu zaidi kuliko wale wa huduma za kawaida. Dalili za ugonjwa, hata hivyo, hazikutofautiana sana kati ya makundi. Anayechagua mfumo huu anapata makazi thabiti, jambo ambalo ni kubwa, lakini asitegemee kwamba ufunguo peke yake utaondoa sauti.

Njia ya tatu ni kuishi katika familia isiyo ya mgonjwa. Mji wa Geel nchini Ubelgiji umefanya hivyo kwa karne nyingi, familia zikipokea watu wenye ugonjwa wa akili kama wapangaji na hospitali ikisimama nyuma yao. Huko Abeokuta, Nigeria, daktari wa akili Thomas Adeoye Lambo alianza mwaka 1954 kuwaweka wagonjwa wa hospitali ya akili ya Aro katika vijiji vya jirani na hospitali, kila mmoja akiwa na ndugu yake. Mifumo yote miwili ilidumu kwa sababu hospitali ilikuwa karibu na iliitika ilipoitwa. Nyumba inayompokea mgonjwa bila mtu wa kumpigia simu usiku ni mzigo tu uliohamishwa.

Pale ambapo huduma yenyewe ni familia na mhudumu wa jamii

Kwa watu wengi duniani hakuna klabu, hakuna timu ya wataalamu, na uchaguzi halisi ni kati ya kliniki ya mbali na chumba cha uani. Huko nako kuna huduma za kulinganisha. Nchini Ethiopia, utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliwatumia wahudumu wa kawaida waliofunzwa kutembelea nyumba za watu wenye skizofrenia kwa mwaka mmoja, wakiwasaidia wao na familia zao kurudi kwenye shughuli na kuzungumza na viongozi wa jamii. Baada ya miezi 12, watu hao walikuwa na ulemavu mdogo katika maisha ya kila siku kuliko waliopata huduma ya kituo cha afya pekee. Nchini India, utafiti wa namna hiyo wa mwaka 2014 ulipata faida pia, lakini ya wastani. Kinachofaa kutazamwa hapa ni msimamizi: mhudumu wa jamii anayefanya kazi bila muuguzi wa akili wa kumrejea huchoka mapema, naye huishia kuhesabu vidonge.

Elimu kwa familia inastahili kuombwa hata pale ambapo kila kitu kingine kipo. Tangu tafiti za mwanasosholojia George Brown mjini London imejulikana kwamba mtu anayerudi kwenye nyumba yenye lawama nyingi, au yenye kumlinda kupita kiasi, huugua tena upesi. Na mafunzo ya familia yanayoendelea kwa miezi kadhaa hupunguza hatari hiyo. Mazungumzo ya siku moja hayatoshi.

Tahadhari moja: benchi la urafiki la Zimbabwe, lililoanzishwa na Dixon Chibanda mwaka 2006, ambamo mabibi waliofunzwa huwasikiliza watu na kuwasaidia kutatua matatizo, limepata sifa inayostahili kwa sonona na wasiwasi. Halikuundwa kuwa huduma ya utengamao kwa mtu mwenye saikosisi, yaani hali ya kushindwa kutofautisha yaliyo halisi na yasiyo halisi, na wanaolipendekeza kwa kila ugonjwa hulitwisha kazi isiyo yake.

Vikundi vya waliopitia ugonjwa

Vikundi hivi ni rahisi kuanzisha na hutoa kitu ambacho mtaalamu hana, yaani mtu anayesema "na mimi nilikuwa hivyo" na kusadikiwa. Ushahidi unaonyesha kwamba huongeza matumaini na hali ya kujiamini kuliko vinavyopunguza kulazwa. Viongezwe juu ya huduma nyingine. Visiachiwe kazi yake.

Kabla ya kukubali

Ziara moja ya mchana kwenye huduma inasema zaidi ya kipeperushi, mradi mtembeleaji ajue anachokitafuta. Aulize watu wangapi waliopita hapo sasa wana kazi au makazi nje ya huduma hiyo, na asiridhike na jibu la "wengi". Aulize kinachotokea mtu asipokuja kwa wiki mbili: je, kuna anayekwenda kumtafuta, au jina lake linafutwa? Aulize kama huduma inazungumza na daktari wake, nani anashika ufunguo wa mlango, nani anashika fedha za mkazi, na malalamiko hupelekwa wapi. Mahali popote panapomfungia mtu, kumfunga minyororo au kumfanyisha kazi bila malipo paachwe siku hiyohiyo, hata kama pana bustani nzuri na maombi ya asubuhi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unamhusu yeye pia.

Mwenye kuchagua ni yeye anayepona. Ndugu wana haki ya kutoa maoni, na wakati mwingine wanaona hatari asiyoiona, lakini huduma aliyochaguliwa bila kuulizwa ndiyo anayoiacha kwanza. Akiwa na mawazo ya kujiua, au ugonjwa umerudi kwa nguvu, apelekwe kwanza hospitali, na suala la utengamao lirudiwe akitulia.

Kwa kawaida mtu huhitaji mbili kwa pamoja, wala si moja: timu na makazi kwa anayelala nje, ajira yenye usaidizi na kikundi cha wenzake kwa aliyetulia, mhudumu wa jamii na mafunzo ya familia kwa aliye mbali na mji. Baada ya miezi mitatu hivi uchaguzi uangaliwe upya kwa swali la wazi: ni nini anachokifanya sasa ambacho hakuwa akikifanya? Jibu likiwa ni kwamba anahudhuria tu, basi huduma ibadilishwe, ila ile ya zamani isiachwe mpaka ile mpya imeshamtembelea walau mara moja nyumbani kwake.